Picha Nne za Mtaro

Mama anayeuza omena karibu na ofisi yetu hakuitikia salamu yangu siku hiyo. Nilisimama mbele ya meza yake pale Nyalenda, nikaomba gorogoro moja, naye akaendelea kupepeta bila kuinua macho. Baadaye akachomoa simu kwenye fundo la leso kiunoni, ile yake ya kioo kilichopasuka pembeni, akaniwekea mbele ya uso.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "nilikutumia picha mara nne. Ya kwanza, mtaro umejaa. Ya pili, maji yako mlangoni. Ya tatu, yako ndani. Ya nne ni hii meza, inaelea. Wewe ulinijibu nini?"

Sikuwa nimemjibu. Programu yetu ya kupokea ripoti za mafuriko ndiyo iliyomjibu: "Asante. Ripoti yako imepokelewa." Mara nne, maneno yale yale, hata kwa picha ya meza inayoelea. Kisha akanipimia omena yangu, gorogoro ikafurika vizuri, na hilo liliniuma kuliko kama angenipunja.

Naanza na mama huyu kwa sababu vijana huniandikia kutoka Kakamega, Busia, Nakuru na hapa hapa Kisumu, wakiuliza swali moja kwa njia nyingi: nataka kutumia teknolojia kusaidia mtaa wangu, nianze na lugha gani ya programu, seva gani, nitapata wapi ufadhili? Jibu langu huwaudhi. Nawauliza: ripoti ya kwanza ikiingia saa tatu usiku mvua ikinyesha, nani ataijibu? Namaanisha mtu mwenye jina. Kama hujui, usianze bado.

Mimi ni fundi wa programu. Nimekulia Kaloleni ya Kisumu, ambako ukitaka mkopo wa sukari kwa jirani unaomba kwa Kiswahili. Kampuni yangu ina watu wanne. Tunatengeneza mifumo ya hesabu ya maduka ya agroveti na ya zahanati ndogo, na hiyo ndiyo inayolipa kodi ya ofisi. Kazi ya mitaro tuliingilia mwaka 2019, mvua za vuli zilipokataa kukoma. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe likapanda hadi watu wa Dunga wakaona maji yakitembea mahali walipokuwa wakiegesha boda boda. Kila mtu alikuwa na picha za mafuriko kwenye simu. Tukajiambia: tukizikusanya mahali pamoja, mambo yatasogea.

Na tulikuwa na mifano ya kutupandisha kichwa. Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008, katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walitengeneza ramani ambayo mwananchi angeweza kuitumia kueleza alichokiona, kwa SMS au kwa intaneti, na iliwachukua siku chache tu. Tena hapa Kisumu, mwaka 2017, wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls walitengeneza i-Cut, programu ya kumsaidia msichana aliye katika hatari ya kukeketwa, wakasafiri nayo hadi California kushindana. Ukiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, ukiona hayo, unaanza kuamini kwamba kila tatizo la mtaa linakusubiri wewe na kompyuta yako.

Tulichokiona ni ramani na tuzo. Hatukuwaona watu waliokuwa nyuma ya ramani. Haiti ilipopigwa na tetemeko mwaka 2010, ujumbe wa SMS ulimiminika kwenye namba 4636 kwa lugha ya Kikreole. Wahaiti waliokuwa ughaibuni walikesha wakiutafsiri, wanafunzi huko Boston wakatafuta mahali palipotajwa na kupatia alama kwenye ramani ya Ushahidi, na wengine wakapeleka taarifa kwa waokoaji. Watu wengi hawakulala usingizi. Sisi tulidhani programu ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Programu yetu, basi, ilikuwa nzuri kwa macho. Rangi ya bluu ya ziwa, kitufe kikubwa, fulana za uzinduzi. Ilikuwa nzito pia, na simu nyingi za Nyalenda na Manyatta zimejaa picha za harusi na za matanga, kwa hiyo mtu akihitaji nafasi anaanza kufuta kitu ambacho hakimletei faida. Tulimtaka kila mtu ajisajili kwa barua pepe. Sijui tulifikiria nini. Anayeuza omena ana namba ya M-Pesa. Barua pepe anayo ya nini?

Lakini hayo yangerekebishwa kwa wikendi moja. Kilichotuua ni kwamba ripoti ziliingia kwenye ukurasa ambao sisi watatu pekee tuliweza kuufungua, na kila mmoja wetu alidhani wenzake wawili wanausoma. Nilipoufungua baada ya kupimiwa ile omena, nilikuta wiki sita za ripoti ambazo hazijaguswa. Nilizisoma zote usiku ule. Nyingine zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Mtu aliyeandika aya nzima mara ya kwanza, mara ya tatu aliandika neno moja: "Bado."

*

Tulizima seva. Tukafungua kundi la WhatsApp na kununua daftari la kurasa 96. Najua haipendezi kusema hivyo mbele ya watu wanaotafuta wawekezaji, ila ndiyo hali.

Kanuni ilikuwa moja. Kila ripoti inapata jibu kutoka kwa binadamu kabla ya saa ishirini na nne kuisha, hata kama jibu ni "Nimeiona. Sijui la kufanya. Nitauliza Jumatatu, nitakwambia Jumatatu jioni." Na Jumatatu jioni unamwambia, hata kama ofisi ilikuwa imefungwa. Wiki moja watu wawili wana zamu, majina yao yanaandikwa juu ya ukurasa wa daftari. Ukiona nimekwepa zamu, unaniuliza kwenye kundi, si pembeni.

Nilishangaa jinsi jibu la "sijui" linavyoheshimiwa. Watu wa mtaa hawatarajii miujiza kutoka kwa kijana mwenye kompyuta. Wanataka kujua kwamba neno lao limetua mahali. Mtu akishajibiwa mara mbili, anaanza kuleta na ya jirani yake.

Jambo la pili lilichukua muda kuliona, na ndilo ninalolipigia debe kuliko yote. Wajaluo wana saga: leo majirani wanakwenda kulima shamba langu, kesho lako. Mimi si Mjaluo lakini nimeona saga ikifanya kazi huko Nyando kwa shemeji zangu, na siri yake ni kwamba usipokuja, unaonekana hukuja. Kuna mstari wa shamba ambao haujalimwa, na kila mtu anajua ulikuwa wa nani. Sasa chukua kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Mmoja anaandika, wanne wanaweka dole gumba, waliobaki wako kimya, na hakuna anayejua kama wako msibani, kazini au wameshachoka. Kutokuwepo hakuna alama. Ndiyo maana makundi mengi ya "wakazi wa mtaa fulani" huishia kuwa mahali pa matangazo ya vitunguu na video za asubuhi njema.

Tukaigawa mitaro kama mistari ya shamba. Kutoka kanisani hadi daraja la mbao ni ya fulani, fundi viatu. Kutoka daraja la mbao hadi kwenye mashine ya kusaga ni ya mama wa omena, ambaye wakati huo alikuwa amekubali kunisalimia. Hatukumwomba mtu azibue mtaro. Tulimwomba aupitie mara moja kwa wiki na kusema umekuwaje. Sehemu isiyo na taarifa Jumapili jioni ilibaki nyeupe kwenye daftari, tunapiga picha ukurasa na kuuweka kwenye kundi. Hakuna faini. Ile nyeupe ilitosha.

Ukitaka watu mia washirikiane mtandaoni, usiwape mia kazi moja kubwa. Mpe kila mmoja kipande ambacho kikibaki wazi kinajulikana ni chake.

*

Ramani ilikuja baadaye, na ilikuja kwa mabuti. Tulitumia OpenStreetMap, ambayo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Vijana wa Kibera walikwisha kuonyesha mwaka 2009 kwamba mtaa uliokuwa doa tupu kwenye ramani unaweza kuchorwa na wenyewe. Kwa fomu tulitumia KoboToolbox, kwa kuwa inajazwa hata bando likiisha, halafu inatuma ukifika penye mtandao. Havilipiwi, na hatukuandika hata mstari mmoja wa programu. Kwa fundi anayependa kujenga vyake, hilo lina uchungu wake. Nilipambana nalo wiki mbili.

Tulitembea na futi kamba. Karibu na nyumba za mabati simu inaweza kukosea mahali ulipo kwa mita kadhaa, kwa hiyo tulipima pia kutoka kwenye vitu visivyohama: nguzo ya umeme, pembe ya kanisa, tangi la maji. Kila ripoti ya zamani kwenye daftari ikawekwa nukta.

Nukta zikajikusanya. Tulitarajia zitapakaa mtaa mzima. Badala yake nyingi zilikaa upande wa juu wa kalavati moja, pale maji yanapopita chini ya barabara. Kwenye ripoti watu waliandika "takataka zimeziba," na sisi tuliwahi kufanya siku mbili za usafi pale, na picha tukapiga tukiwa na reki mkononi. Siku ya tatu takataka zilirudi. Tuliposhuka na futi kamba tukakuta mtaro una upana wa sentimita 90, halafu unaingia kwenye bomba la sentimita 45. Hata ungefagia kila asubuhi, maji ya mtaro mzima hayaingii kwenye bomba hilo. Takataka zilisimama pale kwa sababu maji yalisimama pale.

Kila mmoja wa wale walioripoti aliona mlango wake, na aliuona sawasawa. Hakuna aliyekuwa amesimama mahali pa kuona bomba. Mpaka leo nikiulizwa faida ya kushirikiana mtandaoni ni nini hasa, nataja lile bomba.

*

Sasa la aibu. Katika toleo la kwanza tuliweka ripoti zote wazi, pamoja na namba ya simu ya aliyeripoti. Tuliita uwazi. Mpangaji mmoja alipiga picha ya ukuta uliojengwa juu ya mtaro, ukuta wa mwenye nyumba wake. Haikupita wiki, mwenye nyumba aliipata ile picha na namba chini yake. Mpangaji aliambiwa atafute kwingine, akahama na watoto mwezi ule ule. Alinipigia mara moja tu, hakunitukana. Aliniuliza kama naweza kuifuta. Niliifuta, na haikumrudishia nyumba.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na nilikuwa nimeisoma kwa ajili ya wateja wangu wa zahanati. Sikufikiri inahusu mitaro. Sasa tunafanya hivi: jina na namba zinakaa kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Kwenye ramani kunaingia mtaro, vipimo na tarehe. Picha inapigwa ili isionyeshe mlango wala uso, na kabla ya kuiweka popote tunaondoa taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya picha. Mtu akileta habari inayomgusa tajiri au mkubwa wa mtaa, mmoja wetu anakwenda kupiga picha upya kwa jina lake mwenyewe. Sisi tuna ofisi, yeye ana chumba cha kupanga.

*

Halafu kuna karatasi. Wenzangu wa teknolojia hawapendi sehemu hii, na ndiyo maana kazi zao nyingi hufia kwenye skrini.

Barua yetu ya kwanza kuhusu kalavati tuliipeleka kwenye ofisi moja mjini. Wakakaa nayo miezi mitatu, kisha wakatuambia kwa mdomo kwamba barabara hiyo si yao. Hapo nilijifunza kitu nilichopaswa kukijua tangu darasani: barabara zina wenyewe. Kuna barabara kuu za KeNHA, kuna za mijini za KURA, kuna za mashambani za KeRRA, kuna za kaunti, na mtaro hufuata barabara. Kabla hujamlaumu mtu mtandaoni, jua unamlaumu nani. Tulikuwa tumemsema mwakilishi wadi wetu kwa wiki kadhaa kwa jambo ambalo hatukuwa na hakika ni lake. Sikumpigia kura na sitampigia, lakini tuliandika kwenye kundi kwamba tulikosea.

Barua ya pili tuliiandika kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, iliyotokana na Kifungu cha 35 cha Katiba. Kama hujawahi kuitumia, itumie. Unaandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo. Hulazimiki kueleza kwa nini unataka habari. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Ujanja wote uko kwenye nakala ya pili: nenda na barua mbili, karani apige muhuri wa "imepokelewa" na tarehe kwenye yako. Bila muhuri hukwenda. Piga picha muhuri huo, uweke kwenye kundi, na siku ya 22 mwenye zamu anajua la kufanya.

Na kalenda. Nimeiandika ukutani kwa kalamu nyekundu. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufika bungeni kabla ya Septemba mosi. Waraka wa mkakati wa fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Mafuriko yetu makubwa huja kati ya Machi na Mei, wakati ambapo watu wana hasira ya kutosha kupiga kelele, lakini waraka unaoamua vipaumbele umeshapita Februari. Kelele za Mei zinachangia mwaka unaofuata, na kufikia Septemba jua linawaka, mtaro umekauka, hakuna anayekumbuka. Daftari ndilo linalokumbuka. Kama nchi yetu ina ugonjwa, nadhani ni huu: tunalia msimu mmoja na kupanga msimu mwingine.

Tulikwenda kwenye kikao cha wananchi cha bajeti tukiwa kumi na wawili. Ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, spika inayokoroma. Kitabu cha bajeti kilikuwa kinene na nakala zilikuwa tano kwa ukumbi mzima. Kila aliyeshika maikrofoni aliomba barabara, basari, taa za mulika mwizi, na barabara tena. Dakika mbili kwa mtu. Msemaji wetu alikuwa binti anayeendesha kioski cha M-Pesa, tulimchagua kwa sababu hatetemeki, na alisema jambo moja tu: kalavati hii, mahali hapa, bomba sentimita 45, mtaro sentimita 90, hizi ni picha za misimu miwili, haya ni majina na sahihi za wakazi. Akaketi kabla dakika mbili hazijaisha.

Afisa aliyekuwa akiandika aliinua kichwa, akamwomba arudie vipimo. Asubuhi ile hakumwomba mtu mwingine yeyote arudie chochote.

*

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi, bado inaniwasha. Shirika moja lilituona, likaleta ruzuku ndogo. Tukaanza kulipa nauli ya wanaopitia mitaro. Miezi minne baadaye ruzuku ikaisha na nauli ikaisha, na nusu ya sehemu kwenye daftari zikabaki nyeupe. Siwalaumu. Mtu akilipwa kwa kitu alichokuwa akikifanya kama jirani, kinageuka kibarua, na kibarua kisicholipwa hakuna anayekifanya. Leo nikipewa pesa nitanunua mabuti, futi kamba, fotokopi na bando la mwenye zamu. Mwanasiasa mmoja naye alitaka kutuwekea fulana zenye rangi ya chama chake. Tulikataa, tukapoteza wanachama sita waliozitaka. Fulana za uzinduzi wa kwanza ninazo bado, mtu akihitaji za kufutia gari.

Uvumi ulitupa shida zaidi ya pesa. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliangamiza watu wengi Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru. Mwanzoni ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamezuiliwa na uchafu na mawe kwenye njia yake chini ya tuta la reli, mpaka tuta likashindwa. Nilisoma maelezo hayo mara mbili, nikiwaza bomba letu la sentimita 45. Lakini kwenye kundi letu siku zile zilikuwa za video. Bwawa hili linapasuka, lile limepasuka, hameni usiku huu. Mtu mmoja alibeba mamaye mgonjwa kwa tuktuk hadi Mamboleo kwa sababu ya sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. WhatsApp imeiharibu methali hiyo. Tuliamua kwamba wakati wa mvua hakuna kinachowekwa kwenye kundi bila vitu vitatu: mahali, saa, na jina la aliyeona kwa macho yake. "Nimetumiwa" si jibu. Admin anafuta kwanza, anaeleza baadaye. Tulipigiwa kelele kwamba tunawanyima watu uhuru wa kusema, na mimi mwenyewe siku ya pili nilifutiwa ujumbe na binti wa M-Pesa. Nilikuwa nimeweka ramani ya mvua niliyotumiwa na rafiki, bila tarehe. Ilikuwa ya mwaka uliopita.

*

Kalavati iliwekwa. Ilichukua bajeti mbili, na siwezi kuapa kwamba ni sisi, maana watu wengi walikuwa wakidai. Bomba jipya ni la sentimita 90. Mama wa omena alikwenda kulipima mwenyewe, kwa futi kamba yetu ambayo hajairudisha, na sasa yeye ndiye anayetunza daftari. Mwandiko wake ni mbaya, lakini hakuna ukurasa wenye nyeupe usioulizwa.

Mvua za mwaka huu zimeanza. Kwake pamekauka. Leo asubuhi saa kumi na mbili na robo imeingia picha kutoka namba nisiyoijua. Ni mzee anayekaa upande wa chini, ng'ambo ya barabara, karibu na mto Auji, ambako hatukuwahi kugawa mistari kwa sababu zamani maji hayakuwa yakifika. Sasa yanafika, kwa kasi, yote kwa pamoja. Kwenye picha kuna ndoo, kuku wawili juu ya kiti, na mlango ulioachwa wazi.

Nimemwandikia: "Mzee, shikamoo. Picha nimeiona. Inawezekana ni bomba letu jipya ndilo linalokuletea haya. Sijui bado. Nakuja saa nne na futi kamba." Kisha nimempigia mama wa omena aniletee futi kamba.